Kisu Chako na Viatu vya Kimanzi

Baba Mwende,

Ndugu yako Kimanzi ni mjinga, na sasa umelala, huwezi kunikataza kusema. Siku ya kugawa nguo zako alichukua koti, akachukua na redio, halafu akazitupa raba zako kule nyuma ya choo. Ati takataka. Raba ulizochonga soli mwenyewe mpaka mguu ukasikia barabara! Raba nikaziokota, na kisu chako ulichozichongea nikakificha kifuani.

Juzi akarudi kutoka Nairobi na viatu vya mbio vya Mwende wetu. Aka! Soli nene kama mkate, sponji tupu. Akatangaza mbele ya wageni, "Na hivi, mtoto ataruka mpaka Embu." Mtu ambaye hata basi likimwacha hakimbii.

Unaijua njia yetu ya Kanyangi ilivyo mchanga. Mchanga unazama, sponji nayo inazama, msichana anakazana hapo hapo. Miiba ikaingia ikakaa humo ndani. Jua likapiga, gundi ikalainika, soli ikaachana. Mwende akaja nyumbani peku, viatu mkononi, analia. Mbio za Kitui zilikuwa Jumamosi, wawili wa kwanza ndio wa kwenda mbio kubwa za Embu, na raba zako ni kubwa, zinamtoka mguuni.

Mimi nilitaka kuvichoma hivyo viatu. Yeye akasema, "Mama, lete kisu cha Baba." Akakata sponji, akakata, akabakisha kidogo tu. Nikamwambia atoe yote kama wewe. Akakataa. Akasema barabara ya Kitui ni ngumu, na miguu yako ilikuwa inakuuma ukificha. Baba Mwende, ulimwambia mtoto, mimi mkeo hukuniambia? Hilo liliniuma, bado linaniuma.

Akashona soli kuzunguka kwa sindano ya magunia. Alipokata uzi kwa jino la pembeni, vile ulikuwa unafanya, nilitoka nje nikalia.

Amekuwa wa pili! Sasa Kimanzi anazunguka sokoni kifua mbele, ati viatu vyake vimeshinda. Viatu vyake gani? Nusu yavyo kuku wanaidonoa hapa uani.

Pumzika, mume wangu. Embu nitampeleka mwenyewe, na kisu nitakibeba pale pale kifuani. Kimanzi akitaka kitu, nitamwokotea sponji yake.

Mama Mwende