Pindo Lililooshwa Mara Saba

Jumatatu, 3 Februari 1986

Joto. Darasa la nne wamefanya jaribio la hesabu. Nimesahihisha nusu, nusu imenishinda. Mtaala huu mpya unataka mwalimu afundishe mpaka useremala. Mimi na msumeno wapi na wapi.

Baada ya swala ya alasiri nikajaza chai ya tangawizi kwenye chupa, vikombe viwili, mahamri ya asubuhi. Nikawahi bustanini, maana benchi letu la chini ya mti wa mkilifi likikaliwa na vijana halipatikani tena. Mimi na Mwanamvua tumelikalia tangu nilipofiwa na mume. Kila jioni mpaka karibu na maghribi, isipokuwa Ijumaa. Mtaa mzima unajua.

Leo alichelewa. Kutazama, yuko langoni na Sista Agnesi, yule mkunga wa hospitali aliyestaafu, anayekaa mtaa wa Barani. Sista alikuwa na mbwa wake. Kibao cha langoni kinasema mbwa marufuku, kwa hiyo Sista haingii. Na Mwanamvua je, yeye kakatazwa na kibao gani? Wamesimama wanacheka mpaka chai yangu imepoa. Alipokuja akasema mbwa yule ana adabu. Mbwa, ana adabu! Nikamwambia mahamri yamekauka. Akala mawili.

Si wivu. Ni chai tu.

Jumatano, 5 Februari

Tena langoni. Leo muda mrefu zaidi.

Mbwa anaitwa Popi. Mnene, rangi ya chai ya maziwa, masikio yamelala. Alikuwa wa marehemu mume wa Sista. Watoto wa Sista wote wako Nairobi, na jamaa zake wako Ganda shambani, hivyo jioni hutoka na huyo Popi. Humfunga ukanda wa ngozi na kuzunguka naye nje ya ua wa bustani, kisha hurudi nyumbani. Haya yote nimeyajua kwa sababu Mwanamvua hana tena habari nyingine. Nilikuwa nimeweka hadithi ya mwalimu mkuu na kofia yake tangu juzi, sikupata pa kuipenyeza.

Haya. Ni wivu. Nimeandika, basi.

Ijumaa, 7 Februari

Mwanamvua amepika pilau. Kaniletea sahani, nikashukuru. Kisha nikaona sahani nyingine mkononi, imefunikwa kawa. Ya Sista. Nikachungulia alipogeuka. Nyama ya Sista ni nyingi kuliko yangu.

Pilau ilikuwa tamu. Nimeila kwa hasira.

Jumapili, 9 Februari

Furaha leo, na ninaona haya kuiandika.

Mwanamvua alikuwa langoni kama ilivyo desturi yake mpya. Popi akanyoosha shingo, akabandika pua yake mbichi, imelowa, kwenye pindo la buibui la Mwanamvua. Akalilamba, kwa raha zake. Nilikuwa kwenye benchi, niliona vizuri. Buibui jipya, alilonunuliwa na binti yake Idi iliyopita. Sista akavuta ukanda, akaomba radhi mpaka akakaribia kupiga magoti.

Mwanamvua hakunywa chai. Alikwenda moja kwa moja nyumbani kujitoharisha. Pua mbichi na mate ya mbwa, hapo hakuna mjadala: maji mara saba, na mara moja iwe ya udongo. Namjua Mwanamvua. Hapendi hata kufua mara moja. Nikajisemea kwisha habari ya Popi.

Usiku nimekula vizuri. Mtoto wangu kaja kutoka Marereni, anakofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, kanikuta naimba jikoni, kaniuliza kuna nini.

Jumatatu, 10 Februari

Langoni! Na buibui lile lile!

Pindo limeanza kupauka kwa ule udongo. Nikamuuliza, ulifua mara ngapi? Mara saba, akasema, kama inavyotakiwa. Akasema kwa wepesi, kama mtu anayesema amekung'uta vumbi.

Mwaka jana alinimwagia mchuzi wa papa kwenye leso yangu ya maua. Akasema, lo, pole shoga. Hakufua hata mara moja. Mimi hata mara moja, Sista mara saba. Sijui kwa nini jambo hili linanichoma hivi. Nimezima taa ya mafuta mapema, nikaiwasha tena niandike haya.

Jumatano, 12 Februari

Habari mpya. Baraza la mji linafikiria kuondoa kile kibao. Watu waliojenga majumba ufukweni wameomba, na baadhi ya wenyeji pia. Mbwa waruhusiwe bustanini, mradi wamefungwa ukanda na mwenyewe ameushika. Wananchi wanakaribishwa watoe maoni Jumanne.

Mwanamvua alikuja mbio na habari hizi. Uso unang'aa. Akasema sasa Sista atakaa na sisi kwenye benchi. Na sisi! Benchi lenyewe la watu wawili na nusu. Nikamuuliza mbwa je, atakaa wapi, mapajani mwangu? Akacheka, akidhani natania.

Nitakwenda Jumanne. Nitasema.

Jumamosi, 15 Februari

Sikupumzika. Nimepita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi, kila mlango hodi. Nikawaeleza akina mama habari ya watoto wanaocheza kwenye nyasi, habari ya tohara ya nguo za swala, habari ya wazee wanaoswali pale pale wakichelewa msikitini. Yote ni kweli. Hakuna neno nililotunga. Wamenisikiza, mimi mwalimu wa watoto wao, wameahidi kuja.

Wote wana sababu nzuri. Mimi ndiye ninayezitumia sababu zao kumfukuza Sista. Najijua. Lakini nitakwenda.

Mwanamvua sikumpitia.

Jumanne, 18 Februari

Nimeshinda.

Ukumbi ulijaa. Diwani wetu alisoma pendekezo, akauliza nani ana la kusema. Bwana mmoja mwenye hoteli akasema mbwa aliyefungwa hana madhara. Kisha akasimama Sista Agnesi. Popi alimwacha nyumbani. Hakusema mengi. Akasema atamshika ukanda mfupi, na akiambiwa akae pembeni kabisa atakaa pembeni. Miguu yake imechoka na nje ya ua hakuna pa kukaa. Akasema ahsanteni, akaketi. Nikaona diwani analainika.

Ndipo nikasimama mimi. Nilianza vizuri. Watoto, nyasi, swala. Lakini nikaona hazitoshi, watu bado wanamwangalia Sista kwa huruma. Nikasema: kuna mama mwenzetu humu ndani, Jumapili ya tarehe tisa buibui lake jipya lililambwa na mbwa huyo huyo anayeambiwa ana adabu, tena aliyefungwa ukanda, tena yuko nje ya ua! Akafua mara saba. Nendeni mkalitazame lilivyopauka. Je, tuwe tunafua mara saba kila jioni kwa sababu ya mbwa wa mtu?

Sikumtaja jina. Haikuhitajika. Kila shingo iligeuka. Mwanamvua alikuwa kwenye mstari wa tatu, nalo buibui kalivaa. Niliona anavuta pindo lake, analificha chini ya kiti.

Wakapiga makofi. Kibao kitabaki. Nilikuwa na raha mpaka nilipofika mlangoni kwangu, ikaishia hapo.

Jumatano, 19 Februari

Shuleni walimu wamenipongeza. Jirani kaniletea mkate wa kumimina.

Mwanamvua hakuja bustanini. Nilisubiri. Nilikunywa vikombe vyote viwili, nikachoma ulimi.

Alhamisi, 20 Februari

Hakuja.

Jumamosi, 22 Februari

Nimeona. Wamekaa nje ya ua, upande wa barabara, juu ya ule ukuta mfupi wa mtaro. Mwanamvua, Sista, na Popi chini yao, ukanda umezungushwa mkononi mwa Sista. Jua linawapiga usoni. Mimi nina benchi zima, nina kivuli chote cha mkilifi, na bustani haina hata mbwa mmoja. Nilivyotaka ndivyo.

Sikuvumilia. Baada ya maghribi nikaenda kwake. Alikuwa anachambua mchele. Hakunikaribisha, hakunifukuza.

"Umenivua nguo mbele ya watu, Rukia," akasema.

Rukia. Si shoga. Miaka yote hii sikumbuki akiniita jina langu hivyo, kavu.

Nikaanza kujitetea, tohara, watoto. Akaniacha nimalize. Kisha akaniambia. Yule mtoto wake wa kwanza, aliyezaliwa hana uhai, ni Sista aliyekuwa zamu. Wengine walitaka kumchukua mtoto upesi, wamwondoe machoni pa mama. Sista akakataa. Akampangusa kwa maji ya moto, polepole, kama aliye hai, akamfunga kwa leso yake mwenyewe, akampa Mwanamvua ampakate mpaka baba yake alipofika kumchukua wakamzike. Akakaa naye muda wote huo, na zamu yake ilikuwa imekwisha.

"Na wewe ulikuja na mchele," akasema. Hakusema kwa ubaya.

Kweli. Nilikuwa nafundisha Mambrui siku zile. Nilikuja na mchele na sukari, nikampa pole, nikasimulia mambo ya shule ili kumchangamsha. Sikumuuliza lolote. Nilidhani hataki kuulizwa. Nilidhani nayajua yote yaliyo moyoni mwake, na hili kubwa kuliko yote sikuwahi kulijua.

Nimerudi nyumbani.

Jumatatu, 24 Februari

Darasa la nne watukutu. Nimemwadhibu mtoto asiye na kosa, nikamwita baadaye nikampa kalamu ya risasi mpya.

Bado nina wivu. Nilidhani nikishajua utaondoka. Umegeuka tu. Zamani nilimwonea Sista wivu kwa sababu ya jioni zangu. Sasa namwonea wivu wa siku ile hospitalini, kwamba ni yeye aliyekuwapo na si mimi. Huu mbaya zaidi, maana sina wa kumlaumu.

Sikwenda bustanini. Benchi limekaliwa na vijana, nimeliona nikipita. Walikae.

Jumatano, 26 Februari

Nimekwenda ofisi za baraza la mji asubuhi, mapumziko ya saa nne. Nilitaka kusema nimebadili nia. Karani akanitazama kama niliyepungukiwa na akili. Akasema mama, uamuzi ushapita, na ni wewe uliyeupitisha. Walinikumbuka. Nilisema vizuri mno.

Kuna mambo mtu hawezi kuyarudisha kwa mdomo ule ule.

Alhamisi, 27 Februari

Nimenunua kikombe cha tatu. Cha bati, chenye ukingo wa buluu.

Nikapita langoni, sikuingia. Nikazunguka mpaka upande wa barabara. Walikuwa pale ukutani. Shikamoo, Sista, nikasema, maana kanizidi umri na sijawahi kumwamkia. Marahaba mwalimu, akasema, na akavuta ukanda, akamsogeza Popi upande wa mbali ili asinifikie. Aliufupisha mpaka mbwa akawa hawezi kugeuka. Ndivyo alivyoahidi pale ukumbini, na hakuna aliyemlazimisha huku nje.

Nikamimina chai. Mwanamvua alichukua kikombe bila kunitazama. Mahamri yalikuwa mapya, niliyakaanga mchana. Tukakaa. Joto la ukuta linapenya mpaka mifupani, malori yanapita, vumbi lote letu. Nikamsimulia habari ya mwalimu mkuu na kofia yake, ile niliyoiweka tangu mwanzo wa mwezi. Sista alicheka mpaka akatoa kitambaa. Alipokuwa anapangusa macho ukanda ukalegea.

Popi alikuja moja kwa moja. Pua mbichi, pindo la buibui langu. Kisha ulimi.

Sista aliruka. Mwanamvua akaacha kutafuna, akanitazama, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Wote wawili wanangoja.

Nikauliza kama kuna anayetaka chai zaidi.

Ijumaa, 28 Februari

Upepo kidogo. Hakuna shule mchana.

Nilitoa beseni uani, nikachimba udongo safi chini ya mpapai, nikajaza kopo. Ya kwanza nikafanya ya udongo. Nikasugua pindo, maji yakawa mekundu. Nikamwaga, nikateka mengine.

Hodi. Mwanamvua, na sahani imefunikwa kawa. Akaona beseni. Akaona kopo la udongo. Akaweka sahani kizingitini, akakunja mikono ya kanzu, akachukua kata. Yeye akawa anamimina, mimi nasuuza.

"Hii ya ngapi?" akauliza.

Nikasema ya tano. Akasema ya nne, shoga, hesabu vizuri. Nikasema mimi ndiye mwalimu wa hesabu. Akasema ndiyo maana watoto wanafeli. Tukabishana mpaka tukasahau kabisa tulipofika, ikabidi tuchote udongo na kuanza upya.

Nimelianika kwenye kamba. Limepauka kama lake.