Mashine Ulizoziita Amana

Ni mwaka mmoja sasa, Baba Abeer, tangu Jumanne ile ya Mfungo Pili uliporudi msikitini kuswali adhuhuri, ukakaa barazani kusubiri chakula, na chakula kikaja kikakuta umeshatutoka. Ulituachia nyumba ya Kiponda, redio, bakora mbili za baba yako, na mashine kumi na saba za kufulia na kukaushia nguo. Bakora amechukua ndugu yako Yussuf. Redio naisikiliza mimi. Mashine ndizo zilizonikaa kooni.

Nani mjini asiyemjua Zahran Hamoud? Zahran Mashine, ndivyo walivyokuita, nawe ukiitika. Wenzako walikusanya sarafu na saa za ukutani, wewe ulikusanya mashine za kufulia, na kadiri ilivyokuwa kuukuu ndivyo ulivyoipenda. Ile yenye roli mbili za kukamulia, inayokula vifungo vya mashati. Zile za mapipa mawili. Vile vikaushio vikubwa vilivyotupwa na hoteli za Kiwengwa, ukavirejesha mjini umevifunga kwa magodoro kama wagonjwa. Ulikuwa ukilizungusha pipa kwa mkono, sikio umelibandika ubavuni, kisha ukasema hii kifua chake kizima, hii ina pumu. Mikanda ya mpira uliivaa mkononi kama bangili, na siku moja ulikwenda nayo harusini nikatamani ardhi ipasuke.

Watu wa nchi za mbali walikuwa wakikutumia picha kwenye simu. Mkabadilishana, mbili kwa moja, moja kwa mbili, na kila iliyotoka ilileta mwenzake. Hukuwa tajiri nazo. Ulikuwa na furaha nazo, na furaha yako ilijaa nyumba yote ya chini mpaka tukahamishia kitanda ghorofani.

Lakini kilichokuwa kikubwa kwako kuliko mashine ni stara ya watu. Ulijua kuwa hapa kwetu mtu hauzi kitu cha mama yake. Akifikwa na shida, hata kama ameuza, haisemwi kuwa ameuza. Basi ulikuwa ukiingia nyumba ya mtu, ukanywa kahawa, ukauliza habari za wagonjwa na za mvua, na mwisho kabisa ukasema kwa sauti ya chini, "Nipe nikuwekee tu. Kwangu nafasi ipo. Siku ukiitaka utaikuta." Ukiondoka, zawadi yako, noti zilizokunjwa, ilikuwa imelala chini ya kisahani cha kahawa. Jirani akiuliza mashine imekwenda wapi, huambiwa imewekwa amana kwa Zahran, na hakuna aliyevuliwa nguo.

Wema huo naujua na naushuhudia. Tatizo ni kwamba wengine waliweka amana ya kweli. Kuna waliosafiri, kuna waliokuwa wanajenga, wakakuomba uwatunzie na ukawatunzia. Za kuuziwa uliziita amana, na za amana uliziita amana, na tofauti yake ilikaa kichwani mwako peke yako. Nilikwambia andika, hata kwa chaki. Ukanijibu, "Nnazijua mwenyewe." Haya, umekwenda nazo.

Siku ya maziko Yussuf alisimama, kama ada ilivyo, akatangaza kuwa mwenye haki yake kwa marehemu, au mwenye amana yake, afike kwetu. Nikakaa eda. Miezi minne na siku kumi, mwenzangu, mimi na mashine zako. Jikoni nilikwenda ubavu ubavu baina ya vikaushio, sufuria nimeibeba juu ya kichwa. Mara nyingine nilizitazama nikaona zimenizunguka kama wageni waliokataa kuaga.

Eda ilipokwisha, Abeer alikuja na ufunguo. Amenitengenezea chumba kwake Chukwani, cha chini, hakina hata ngazi moja, na dirisha lake linatazama mpera. Unalijua goti langu. Daktari amelikataza ngazi, na ngazi zetu za Kiponda hata paka huzipanda kwa kufikiri. Ufunguo ule nimeufunga kwenye ncha ya kanga tangu siku hiyo. Sikuweza kwenda. Nifunge mlango niondoke, mwenye amana yake aje akute kufuli, jina lako lisemweje?

Nikamuuliza sheikh. Akaniambia amana hairithiwi wala haiuzwi, huwekwa mpaka mwenyewe aseme. Nikamwita Munir, yule mfanyabiashara wa vitu vya kale uliyekuwa ukibishana naye kila Ijumaa. Akaja na wachukuzi wanne na kamba. Akaniuliza kwa adabu, "Zipi zenu, Bi Ruqaya?" Nilisimama katikati ya ukumbi wangu mwenyewe nikashindwa kunyoosha kidole hata kwa moja. Wachukuzi wakanywa chai, wakaondoka mikono mitupu.

Na wenyewe walikuja, usidhani hawakuja. Walifika mmoja mmoja, wakatoa rambirambi, kisha wakasema wamekuja kuiona tu. Wakaipapasa, wakaifungua mlango, mwengine akalia, wakakusomea Fatiha. Nikiuliza utaichukua lini, jibu ni inshallah. Nikitaka kuuliza kama iliuzwa, ulimi unakuwa mzito. Kumuuliza mtu hivyo ni kumvua ile stara uliyomvisha wewe. Naye, aseme vipi kuwa aliuza, mbele ya mjane, na marehemu ameshasema ni amana? Haya yao ikafunga mlango kwa nje, yangu ikatia komeo kwa ndani.

Abeer akachoka. Siku moja aliniona nimekaa kwenye ngazi ya tatu, nimeshindwa kupanda na nimeshindwa kushuka, akaniambia, "Mama, Baba alikuwa mtu wa adabu, lakini adabu yake imekufungia ndani." Nikamkemea. Kisha nikaingia jikoni, ubavu ubavu, nikalia, kwa sababu alikuwa amesema langu. Nakwambia wazi, Baba Abeer, kwani sijawahi kukuficha kitu isipokuwa kimoja, nacho nitakitaja mwishoni: nilikukasirikia. Nilikuombea rehema kila swala, na baina ya swala nilikukasirikia.

Mwezi uliopita akaja Bi Mwanamwema wa Mkokotoni. Amenipa ruhusa nimtaje. Unaikumbuka mashine yake, ile ya kijani ya kufungulia juu, aliyotumiwa na mwanawe kutoka Maskati. Miaka tisa alikuwa akija kila baada ya Idd kuiangalia, kama anayemtembelea mgonjwa, na wewe ukimchukulia kiti akae karibu nayo. Nilipomwamkia akaitika marahaba, lakini hakwenda kwenye mashine. Alikaa barazani, pale pale pako.

Akanieleza kuwa mwanawe amerudi moja kwa moja. Miaka yote hiyo alipopiga simu kuuliza mashine inaendeleaje, mama mtu alimjibu kuwa iko kwa fundi mjini. Majirani wa Mkokotoni pia waliambiwa iko kwa fundi. Sasa kijana amerudi, la kwanza aliloomba ni apelekwe kwa fundi huyo aliyeshindwa kazi miaka tisa. Usiku mzima bibi hakulala. Asubuhi akamwambia kweli, kuwa ule mwaka wa kuugua kwa baba yao hapakuwa na njia nyingine. Mwanawe akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa anajua tangu zamani, ila hakutaka kumvunjia mama yake uongo wake.

Kisha Bi Mwanamwema akanishika mkono. "Mwanangu, niliuza," akasema. "Sikuweka. Niliuza, na mumeo alinipa haki yangu na zaidi. Nshasema, haya, pumua."

Nikapumua. Mashine moja ikawa yako, kwa hiyo ikawa yetu. Alipoondoka niliingia ndani nikahesabu zilizobaki, kumi na sita, na macho yangu yakasimama kwenye ile iliyo chini ya ngazi.

Sasa nikwambie langu, na wanaosoma wasikie.

Ile ya chini ya ngazi, nyeupe, ya mapipa mawili, yenye ufa kwenye kifuniko, ni ya mama yangu, Bi Bashira wa Malindi. Miaka thelathini na moja nimemwambia kila aliyeingia nyumba hii kuwa ni amana ya mama yangu, tumemtunzia. Abeer amekua akijua hivyo. Alipotokea yule mtu wa mbali aliyeitaka kuliko zote, akakuahidi kwa ajili yake mashine uliyoiota ujana wako wote, nilikusimamia mlangoni nikakwambia, "Si yako hata uitoe." Ukanitazama. Ukamwandikia yule mtu kuwa haiwezekani, ukaenda kuswali alasiri.

Baba Abeer, siku uliyokuja kwetu Malindi, baba yangu ana wiki saba kaburini, aliyekuletea kahawa ni mimi. Nilimsikia mama akikwambia anaiweka kwako mpaka watoto wakue, na nikakusikia ukijibu, "Naam, Bi Bashira, utaikuta." Kisha nikarudi kuchukua vikombe, na kisahani nilikiinua mimi. Nilikiona kilichokuwa chini yake. Tulikula kwacho mpaka mwezi wa Ramadhani ukapita, na miezi miwili baadaye ikaja posa yako.

Kwa hiyo nilijua. Nawe ulijua kuwa nimejua, kwa sababu kisahani nilikiinua mbele ya macho yako mwenyewe. Siku ile mlangoni ungeweza kunimaliza kwa neno moja, "Mama yako aliniuzia." Hukulisema siku ile, wala miaka iliyofuata, wala tulipogombana kwa mambo mengine na mtu hutafuta jiwe lolote la kurusha. Uliiacha ile mashine uliyoiota ikapita, ili mimi nibaki na amana ya mama yangu.

Basi naisema leo gazetini, kwa jina langu. Mama yangu hakuweka. Mama yangu aliuza, tulikuwa na njaa, na aliyenunua alikuwa muungwana. Nilimwambia Abeer kwanza, asije kuisoma kwa watu. Akaniuliza:

"Na Baba alijua kama unajua?"

"Alijua," nikamwambia.

Akaenda kuikalia ile mashine, akalia juu yake kama mtoto.

Jumapili Munir alirudi na wachukuzi wake. Ile ya kijani na ile nyeupe zimetoka. Ya mama ilipopita mlangoni niliwaambia wakishike vizuri kifuniko, kina ufa, na Munir akasema anajua, ulishamwambia wewe.

Sasa tunawaambia mlioweka kwake, na mliouza kwake. Ijumaa mbili zijazo, baada ya alasiri, mlango wa Kiponda utakuwa wazi na mimi nitakuwa barazani peke yangu. Mwenye amana ya kweli aje achukue, imetunzwa, mikanda yake ni mipya. Aliyeuza aniambie neno moja tu, kwa sikio, na sitamwambia mtu. Anayeona taabu hata kwa hilo, aandike kwenye karatasi bila jina, "ya mlango wa kioo niliuza", aipitishe chini ya mlango. Sitaichungulia njia kutazama ni nani. Mimi ndiye wa mwanzo kusema, na kama mnavyosoma, sijafa kwa aibu. Ufunguo wa Chukwani bado uko kwenye ncha ya kanga yangu, na goti halisubiri.

Jana asubuhi nilishuka kuchemsha chai. Pale chini ya ngazi pako tupu, ukuta umebakia na rangi yake ya zamani, na njia ya jikoni imekuwa pana, wanaweza kupita watu wawili wakizungumza. Nilifika pale nikageuka ubavu, nikavuta tumbo ndani, nikapita taratibu nisikikwaruze kitu ambacho hakipo. Nilipofika jikoni ndipo nilipojijua. Nikakucheka, nikajicheka, nikakuombea dua bila hasira kwa mara ya kwanza tangu ulipoondoka.

Mola akuweke pahala pema, akusitiri kama ulivyowasitiri waja wake.

Unakumbukwa na mkeo Ruqaya. Mwanao Abeer na mumewe. Wajukuu zako Nassra na Muzdalifa, ambao bado wanaitana ndani ya vikaushio. Ndugu yako Yussuf. Munir, anayekosa mtu wa kubishana naye Ijumaa. Na Bi Mwanamwema wa Mkokotoni, pamoja na wote uliowanywea kahawa.

Daima tutakukumbuka, Zahran, kila tunapokiinua kisahani.