Ibtihal, Uliyeijua Jeni Iliyokuua

Mwaka umepinduka, Ibtihal, tangu tukulaze katika mchanga wa Pate, na watu wanatuuliza kama tumeshapoa. Hatujapoa.

Wengi watakaosoma haya walikujua kama yule msichana wa sweta. Wenzako wanatafuta kivuli, wewe umejifunika na umebeba chupa ya maji, kwa sababu baridi na kiu ndivyo vilivyokuwa vikiamsha maumivu ya mifupa yako. Ulizaliwa na seli mundu. Ndugu yetu Bakr alizaliwa nayo pia, akafa kabla hajaanza chuo cha Kurani, nasi tukaambiwa ni kijicho. Ulikuwa mdogo, lakini hukulikubali neno hilo. Ulitaka kujua ni nini hasa kilichomchukua ndugu yako.

Ukasoma mpaka ukajua. Katika maabara ya chuo kikuu huko bara, wewe na mwenzako Jeruto mkawa mnaichunguza jeni hiyohiyo katika damu za watu wa pwani. Uliporudi likizo ulitutoa damu sote nyumbani, ikapelekwa maabara. Majibu yalipotoka ulikaa jikoni na Mama akikuna nazi, ukamweleza bila haraka, kama ulivyokuwa ukimweleza kila kitu.

Ulimwambia kuna vimeng'enya vinavyotoka kwa bakteria, ambavyo hukata DNA kama mkasi. Lakini ni mkasi wenye macho: kila kimoja hukata pale tu kinapokuta herufi zake zimepangwa sawasawa. Katika jeni nzima, kimeng'enya chako kilikuwa kinakata. Katika jeni ya seli mundu herufi moja imebadilika, basi hakioni pa kukata, kinapita. Vipande vikitiwa kwenye jeli na kupitishiwa umeme, vifupi hukimbia mbele na kirefu hubaki nyuma. Ukatoa simu, ukamwonyesha picha ya mistari.

"Wangu ni upi?" Mama akauliza.

"Huu hapa. Una vifupi na una kirefu. Jeni moja nzima, moja yenye kasoro. Baba naye vivyo hivyo. Ndiyo maana nyinyi hamkuugua. Mimi na Bakr tulipata ile yenye kasoro kutoka kwenu nyote."

Mama aliweka nazi chini. "Kwani ni mimi niliyewatia yambo hili, wewe na Bakr?"

"Si wewe, Mama. Ni herufi moya tu. Hakuna aliyeichagua."

Alilia, nasi tukadhani umemuumiza. Kumbe miaka yote ile alikuwa akijiuliza ni wapi alipomkosea Mungu, na siku hiyo ndiyo aliyoacha kujiuliza.

Ulikwenda hadi Mbwajumali kuzungumza na akina mama wenye watoto waliofikia kuozwa, wawapime damu kwanza. Wako waliokusema. Walisema msomi amekuja kuvunja posa za watu, kwamba hujaolewa ndiyo maana hutaki wengine waolewe. Ulicheka, ukawajibu, "Sivunji posa ya mtu. Nataka wakioana, waoane wakijua." Baadhi yao walikuja matangani wakakaa mbele kabisa, wakalia kwa sauti kuliko sisi. Tuliwaona.

Nyumbani hukuwa msomi. Ulikuwa mchokozi, ulikuwa mlafi wa viazi vya rojo, na ulikuwa ukimpigia kaka yako Ridhwani simu kumwuliza habari za paka. Ulibandika tepu kwenye mikebe ya bizari ya Mama ukaandika majina, kama chupa zako za maabara. Mama hajui kusoma hati yako ile mbaya, lakini tepu hajaibandua.

Kisha ikaja siku ile. Kifua kilianza kukubana asubuhi, tukakuvusha bahari hadi hospitali. Ulikuwa bado unaweza kusema. Ulimweleza afisa wa zamu kwa adabu, ukamwita Bwana, ukamwambia una seli mundu, hewa haiingii, unahitaji oksijeni na pengine damu. Hata hakukugusa.

"Nyinyi wa seli mundu mmezoea sindano za kutuliza maumivu," alisema. "Kaa hapo, ngoja kama wenzako."

"Sijazoea sindano," ulimjibu. "Nimezoea maumivu, Bwana. Na haya siyo yale."

Ridhwani alimwambia huyu ni mtaalamu wa ugonjwa wenyewe, ausome basi uso wake kama haamini maneno. Yule mtu alisema kila mgonjwa siku hizi ni mtaalamu, akaenda zake kunywa chai. Ukakaa kwenye benchi, kichwa kwenye paja la dada yako Israa. Ulimwambia asigombane na mtu. Adhana ya adhuhuri ilikuwa haijamalizika ulipotulia. Hapo ndipo walipokuja mbio na mtungi wa oksijeni, kwa mtu asiyeweza tena kuivuta.

Tulilalamika. Tulijibiwa kwamba utaratibu ulifuatwa. Afisa yule yuko kazini mpaka leo, na tukikutana naye njiani hutangulia yeye kutoa salamu.

Mwezi uliopita Jeruto alifika Pate. Hakuwa amewahi kufika kwetu, akalia mlangoni kabla hajakaribishwa. Alipotulia alisema amekuja kuomba ruhusa.

"Mama, tukipima damu za watu, lazima tuweke kando yake moja tunayoijua kwa yakini, ndiyo tulinganishe. Ya seli mundu tuliyokuwa tukiitumia ni ya Ibtihal. Aliitoa mwenyewe. DNA yake bado iko kwenye friza. Mkitaka izikwe, nitaileta kwa mikono yangu."

Baba alisema kilicho cha maiti huzikwa, lakini anamwachia mama yako neno. Mama akamgeukia Jeruto.

"Mukiipima, husema kweli?" akauliza.

"Kila mara, Mama. Haijatudanganya hata siku moja."

"Nanyi mwaiamini?"

"Tunaiamini."

"Basi iwateni ikae huko huko," Mama akasema. "Huko angalau mwanangu akinena, huaminiwa."

Unakumbukwa na baba yako Amini, mama yako Bi Saadiya, kaka yako Ridhwani, dada yako Israa, rafiki yako Jeruto, na watoto wa mtaa uliokuwa ukiwapa peremende ili wakubali kutobolewa kidole. Mwenyezi Mungu akulaze pema peponi. Sisi atupe subira, kwa kuwa msamaha bado hatujauweza.

Tutakukumbuka muda wote tulio hai.