Ku Moto wa Bapadri, Masereka

Mukaka, nyanya yangu wa Beni,

Jambo toka Masereka, kwenye baridi haina mchezo. Nimefika ku ile nyumba ya zamani ya bapadri, ya matofali, kuta nene sana. Wakati ule ulikuwaka unaletea bapadri viazi, bamama hawakuruhusiwaka kupita barza. Bapadri balihamaka, sasa mwalimu anaishi mule na bibi yake. Na mimi nilisimama ku barza, vile ulitufundisha. Bibi ya mwalimu akacheka: «Lakini mama, ingia! Nani anakukataza?»

Anapikia maharagi mu cheminée ya bapadri, ile ya kuota moto ku ukuta. Nilikula pale pale, karibu na moto.

Mukaka, ule moshi wenye wewe uliona tu ku paa, sasa uko mu kitenge changu. Ukae na amani ya Mungu. Sitakifula na sabuni mpaka ukinuse.

Mujukuu wako,
Kavira