Jezi za Kokoni

Ijumaa, 16 Januari 1970

Tumeshinda, mbili kwa moja. Ghanim kadaka penalti. (Hapa tu ndipo nnapoliandika jina lake. Mdomoni ni baba Kheiria.) Sisi wanawake tulikuwa juu ya jabali kama kawaida, mimi na mwanangu Kheiria mapajani. Ilipopigwa ile penalti nilimbana mtoto wa watu mpaka akalia.

Tungerudi na furaha yetu. Lakini mechi ilipokwisha Sheikh Harub kasimama kwenye stediamu — ndivyo tunavyoliita lile jukwaa lake la mabati — akatangaza kuwa Kokoni inahamia Dubai. Timu, magoli, jukwaa, vyote. Kule watu wanalipa kiingilio, uwanja una ukuta. Hapa vijana wanashindania mbuzi. Mechi ya kwanza itakuwa ya Idi hii inayokuja.

Watu wakapiga makofi. Nusu yao hawakusikia. Jirani yangu Bakhita kaniuliza, kasema nini? Nikamwambia. Kacheka. "Uwanja ataubebaje, shoga? Na kokoto zake?"

Mimi sikucheka.

Jumamosi, 17 Januari

Hasira haijatoka. Nimekuna nazi nikakikuna na kidole changu.

Kokoni ni mtaa wetu wa Unguja, timu tumeipa jina lake. Si wa Dubai, si wa Harub. Tulipokuja huku sitini na nne Ghanim alikuwa na mpira, kautoa upepo, kaukunja ndani ya kanzu. Wengine walikuja na dhahabu. Yeye mpira! Mama yake kamtukana njia nzima. Lakini ndio huo huo uliowakusanya vijana wetu hapa Matrah, Omani, kila mmoja katoka kwenye pango lake la huzuni akaja kuupiga teke.

Na kiwanja. Kilikuwa wadi, bonde la mto mkavu, mawe matupu. Tuliyaokota sisi, wake kwa waume, Ijumaa kwa Ijumaa. Mvua ikinyesha maji ya jabalini yanayarudisha, tunaokota tena. Mgongo wangu unalijua kila jiwe. Harub hajainama hata siku moja.

Jezi nimeshona mimi. Kijani, kola nyeupe. Kila Alhamisi nazifua, nazikausha, nazifukiza udi kwenye chetezo kama nguo za harusi, kisha nazifungia kwenye kasha. Wale wa Muscat mjini wanatucheka, ati Kokoni inanuka kama bibi harusi. Na wacheke. Bibi harusi kawafunga mbili.

Jumatatu, 19 Januari

Leo nimemuuliza Ghanim, timu imekuwaje mali ya mtu? Kanieleza, na nnakumbuka mwenyewe, maana biriani nilipika mimi.

Mwaka juzi vijana hawakuwa na viatu. Wakamwendea Harub, mfanyabiashara wa saruji, awasaidie. Akaalikwa hapa kwetu. Kala, kanawa, kanywa kahawa. Ghanim kapteni, basi kamwekea mpira mapajani, kamwambia, "Sheikh, timu yako hii."

Nani asiyesema hivyo? Mgeni akiingia tunamwambia nyumba yako hii. Akiisifu saa yako unaivua, unamwambia chukua, yako. Naye anasema, Mungu akubarikie, inapendeza zaidi mkononi mwako. Ndivyo tulivyolelewa, huku na kule.

Harub kachukua. Kanunua viatu, kajenga jukwaa, kawawekea wachezaji mshahara, mpaka wakaacha kazi zao za bandarini. Na sasa anasema: nilipewa, mbele ya watu, na mwenyewe kapteni.

Nikamwambia Ghanim, mgeni ukimwambia nyumba yako hii analala, anaamka, anakwenda zake. Hang'oi milango.

Kasema, "Lakini nilisema."

Ndo mume wangu huyo. Neno likimtoka limetoka. Nilimpendea hilo. Leo natamani kulitia maji.

Alhamisi, 22 Januari

Wanamtaka na Ghanim. Hilo nililijua tangu jabalini ila nilikataa kulijua. Timu bila golikipa wake? Anasema kapteni aliyeitoa timu hawezi kubaki nyuma kama mtu aliyeuza mbuzi mgonjwa.

Na sisi? Kheiria ana miezi minane. Wanawake hatutoki nchi hii bila ruhusa, na ruhusa sijamwona aliyeipata. Mwanamme akishavuka mpaka, kurudi nako ni bahati nasibu. Mke wa Aflah, nyumba ya tatu kutoka hapa, mumewe alikwenda Kuwait mtoto yuko tumboni. Mtoto sasa anasoma juzuu. Baba anamjua kwa picha, na hiyo picha anaogopa masharubu yake.

Ghanim kasema atakuja kila Idi.

Kila mtu husema kila Idi.

Nimefua jezi. Nimezifukiza. Mikono yangu haijui habari ya Dubai.

Ijumaa, 23 Januari

Harub kaja na halwa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mtoto, mama mkwe wangu Bi Mahfoudha kakaa naye barazani. Ghanim kati yao, kainamisha kichwa kama anayenyolewa.

Bi Mahfoudha kamwacha amalize salamu zote. Kisha kamwambia, "Harub, mwanangu, siku ile ulipokuja kula hapa nilikwambia na jiko ni jiko lako. Mbona hujalifuata?"

Kacheka. "Bi Mahfoudha, wewe huna dogo."

"Nna dogo. Limekaa ubavuni kwako na unataka kunichukulia."

Hapo kaacha kucheka. Kasema yeye anawatafutia vijana maisha. Hapa kuna nini? Taa hakuna, barabara hakuna, mwana akitaka kusoma zaidi ya kidogo pa kwenda hapana. Dubai wanajenga kila siku. Mtoto wa Ghanim atakula kwa jasho la baba yake, sasa kosa lake yeye Harub liko wapi?

Na hayo kweli. Ndiyo yaliyoniudhi zaidi. Angesema uongo ningepumua. Mimi darasa la nne ndo mwisho wangu, na Kheiria namtaka afike mbali kuliko hapo. Lakini namtaka afike huku baba yake anamwona. Na taa zitakuja tu. Sina ushahidi. Mahali penye watoto wengi namna hii hapawezi kuwa giza milele.

Akiondoka kageukia pazia, kasema kwa adabu sana, "Mama Kheiria, Jumatatu ya mwanzo wa mwezi natuma gari ichukue jezi. Allah akulipe kwa kazi yako."

Halwa sikula. Bi Mahfoudha kaila. Kasema halwa haina kosa.

Jumatano, 28 Januari

Wameling'oa jukwaa. Bati bati, msumari msumari, mpaka kwenye lori. Tulipanda jabalini wote kama siku ya mechi.

Kisha magoli. Zile boriti ni za mikoko ya kwetu, Bi Mahfoudha alizibembeleza kwa mtu aliyekuwa anajenga ghorofa. Kaziangalia zinalazwa juu ya lori na kafunga kanga yake puani kama msibani.

Suud, winga wetu wa kulia, ndiye aliyekuwa anachimba. Mtoto wa watu, nimemshonea mimi suruali ya mechi mara mbili. Bakhita kamwita kutoka juu, "Suud! Na mashimo usiyasahau. Sheikh kayalipia."

Suud kajibu bila kuinua uso, "Dada, mimi nna mama mgonjwa."

Hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa, ikarudi kwa Harub, ikakaa vizuri.

Ghanim hakwenda kusaidia. Hakwenda kuzuia. Alikuwa nyumbani anamtengenezea Kheiria farasi wa kibati.

Jumamosi, 31 Januari

Hatusemezani. Nimepika wali bila chumvi, makusudi. Kala wote, kasema alhamdulillahi.

Jumapili, 1 Februari

Kheiria leo kasema "baba". Kamwambia paka.

Ghanim kacheka mpaka kafuta macho. Kisha kaendelea kufuta macho. Nikatoka nje kama nnaanua nguo.

Mkoba wake uko nyuma ya mlango. Sikuufunga mimi.

Jumatatu, 2 Februari

Naandika nimekaa juu ya kasha. Ndani yake zimo jezi. Kheiria ananyonya. Landrova ya Harub iko mlangoni tangu asubuhi, na wachezaji wengine wamo ndani yake wanapikika.

Aliyetumwa ni Suud. Hawezi kuingia chumbani, kasimama uani. "Shemeji, jezi."

Nikamwambia, mtoto ananyonya.

Kangoja. "Shemeji, mpaka saa ngapi?"

"Mpaka ashibe."

"Lakini kashanyonya mara mbili."

Bi Mahfoudha kamrukia kutoka jikoni. "Wewe unamhesabia mwanangu maziwa? Nani kakuleta mjini, Suud?"

Suud kaondoka kwenda kumwambia dereva. Dereva kapiga honi. Bi Mahfoudha kapiga sufuria. Honi, sufuria. Majirani wako madarini wanachungulia.

Kisha kaingia Ghanim. Kanzu safi, kofia, makubadhi ya safari. Kasema taratibu, "Inuka, mama Kheiria. Nilimpa."

Nikamwambia ulimpa timu. Jezi hukumpa. Jezi nimezishona mimi, kwa cherehani ya mama yangu, kwa macho yangu. Siku ile umetoa neno mimi nilikuwa jikoni, hakuna aliyeniuliza. Neno lako lichukue wende nalo. Hili kasha nimelikalia.

Niliyasema yote bila kupandisha sauti, kwa ajili ya mtoto.

Hakukasirika. Bora angekasirika. Kakaa chini sakafuni, mbele ya kasha, kanzu yake safi ile, akawa anamtazama Kheiria. Mara kaniuliza, "Umezifukiza?"

"Nimezifukiza. Za Ijumaa."

"Ijumaa magoli hakuna."

"Mawe yapo. Tuliyaokota wenyewe, tunajua tulipoyaweka."

Kavua makubadhi. Nikadhani kaghairi safari. Kumbe kavua apate kumbeba mtoto, maana Kheiria keshalala na mimi mkono umekufa ganzi. Kambeba, kamnusa kichwani. Kamrudisha.

Sikuinuka. Nimechukua daftari nipate cha kutazama.

Honi tena, ndefu. Suud anaita jina la kapteni, sasa kwa kubembeleza. Bi Mahfoudha sufuria kaiacha, simsikii.

Ghanim yuko mlangoni. Kubadhi moja kalivaa. La pili kalishika mkononi, analigeuza geuza, kama mtu aliyesahau mguu wake uko wapi.