Mlango wa Moyo wa Kosmas

Jumatatu, 14 Aprili 1997
Nimefukuza ndege kwenye mpunga tangu alfajiri. Sauti imekauka. Mume wangu Kosmas yuko India wiki ya pili sasa, yeye na mdogo wake Valeri. Mlango mmoja wa moyo wake umekakamaa, damu inapita kwa shida. Watambadilishia. Miaka mitatu nimemwogesha, nimemwegemeza kwenye mito, nimelima peke yangu. Jana nililala hadi asubuhi bila kuamshwa. Niliona raha. Aibu.

Alhamisi, 17 Aprili
Mvua. Barabara ya kwenda kijiji cha Mbingu haipitiki. Karani wa posta kaniletea ujumbe: Valeri atapiga simu kesho.

Ijumaa, 18 Aprili
Nimepokea simu ya Valeri pale posta. Kwa sababu ya umri wa Kosmas, kabla ya kumpasua wamempima mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Miwili imeziba karibu yote. Kumbe kile kifua kubana hakikuwa cha mlango tu. Wanataka kufanya yote kwa mara moja: mlango mpya, na mshipa watoe mguuni wauunge moyoni. Anaweza asiamke. Valeri akampa Kosmas simu.

"Mama Agnes, unasemaje? Nirudi au wanipasue?"

"Usiniulize mimi."

"Sasa nimuulize nani?"

Likanitoka lililokuwa kooni. "Ukirudi hivyo ulivyo, baba, mimi sina nguvu tena."

 

"Haya," akasema. "Nimekusikia. Wapasue."

Jumamosi, 19 Aprili
Chakula hakipiti. Nimempeleka mume wangu kwenye kisu kwa uchovu wangu. Hata "Mungu akulinde" sikumwambia.

Jumapili, 20 Aprili
Misa. Sikuomba. Nilikaa tu. Watu wananipa pole, nami naitikia.

Jumanne, 22 Aprili
Ni leo wanampasua. Nimekwenda shamba kwa sababu nyumbani pananishinda. Ndege wamekula upande wote wa mtoni. Nimewatazama wakila.

Jumatano, 23 Aprili
Posta. Valeri: "Shikamoo shemeji. Ametoka. Yuko kwenye mashine, bado hajasema neno, lakini ametoka." Nimelia mbele ya foleni nzima. Mama mmoja nisiyemjua akanishika mkono hadi nje.

Sina zaidi.

Jumanne, 24 Juni
Kosmas alirudi Jumamosi. Amekonda. Ana kovu katikati ya kifua na jingine refu mguuni. Jembe haruhusiwi, wala ndoo ya maji. Kazi yangu haijapungua bado.

Tangu afike hatujaigusa habari ya ile simu. Sijui kama tutaigusa.

Leo nimevuna hadi jioni. Mgongo haunyooki. Nikamkuta jikoni, kakalia kigoda, anapepea moto kwa kifuniko. Amepika wali na perege. Tangu tuoane hajawahi. Juu mbichi kidogo, chini umeungua.

Nikainama kuchukua sahani.

"Kaa," akasema. "Leo napakua mimi."

Nikakaa. Tumekula wote, hadi ukoko.