Tawi la Yago

Omollo, omera, kaka yangu,

Nimekaa kando ya kaburi lako hapa Lambwe, kaburi ambalo wewe mwenyewe hulali ndani yake. Mama hanisemeshi. Ananiwekea chakula mezani, anatoka. Na ana haki.

Tangu mashua yako ipinduke pale Sindo, ziwa halijakurudisha. Tulingoja mpaka wazee wakasema basi, tukachuma tunda la yago, lile refu kama mtoto mchanga, kwa ule mti wa mpakani, tukalizika badala yako, vile tunavyofanya mtu akipotea majini. Mama alilivika shati lako la buluu. Mimi ndiye nilishika jembe. Kwa hivyo siwezi kusema sikujua.

Unakumbuka mawe ya redio yakiisha nguvu? Ulikuwa unayapasua, unatoa kile kijiti cheusi cha katikati, unachora ng'ombe kwa ukuta wa jikoni, halafu ninachapwa mimi. "Hiki ndicho hupitisha moto," ukaniambia. Sasa ndiyo kazi yangu, kwa karakana mjini Homa Bay. Tunachoma mbao bila hewa ziwe makaa, tunachanganya na unga wa chuma, tunachoma tena kwa tanuri kali mpaka yawe grafiti ya kutengenezea betri.

Mwezi jana upepo uliangusha tawi kavu la ule yago wa mpakani. Nikalibeba. Niliona kuni tu, omera.

Likatoa grafiti nzuri kuliko miti yote tuliyojaribu. Nikaleta kipande nyumbani kujigamba, nikakiunganisha na jiwe la tochi na balbu ndogo, taa ikawaka mbele ya Mama. Akauliza ni mti gani. Nikamjibu huku nikicheka.

Akaketi chini. "Kwa hivyo umemchoma," akasema.

Aibu niliyo nayo sijui niipeleke wapi. Na kuna jambo Mama hajui: kazini wanautaka mti mzima, na mimi nilikuwa nimeshakubali.

Nimerudi kuandika. Nilikuwa nachimba nikizike kile kipande karibu nawe, Mama akaja akasimama nyuma yangu. Nikamwambia yote, hata habari ya mti. Kisha akasema, "Kabla hujafukia, washa kwanza."

Nikaleta lile jiwe na balbu, tukawasha. Tukakaa naye hapo mpaka jiwe likaisha nguvu.

Kesho nawaambia hapana, hata wakinifuta kazi. Lala, omera, iwe ni hapa ama ni majini. Nikiwa hai, mti wako hauguswi.

Mdogo wako,
Ouma